Mtumbwi Uleule, Mwenyewe Mwingine

Kodi inayofahamika vizuri zaidi Mboko, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, ni ile inayotozwa kitu kinachoonekana kwa macho: beseni la ndakala linaloshushwa ufukweni alfajiri, mfuko wa mihogo unaoingizwa sokoni, pikipiki inayopita barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Mtozaji hukiona kitu, hukihesabu au kukipima, hutaja kiasi, na mwenye kitu hulipa au hujadiliana naye. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utajiri unaotokana na ardhi ya Fizi haipiti ufukweni wala kwenye kizuizi cha barabara, bali huhama kwa saini, ikiwa katika umbo la hisa, la deni, au la ahadi ya kuuziana dhahabu ambayo bado iko chini ya ardhi, na mara nyingi saini yenyewe hutiwa katika mji ambao mvuvi wa Mboko hatafika maishani mwake. Sheria ya kodi ina namna yake ya kuifuata mali hii isiyo na uzito. Mara nyingine huifikia na mara nyingine huikosa, na tofauti kati ya kuifikia na kuikosa hutegemea zaidi jinsi maswali mawili yanavyoulizwa kuliko ukubwa wa kiwango cha kodi: ni kitu gani hasa kilichobadili mikono, na thamani yake ilizaliwa wapi.

Msingi wa kodi ya mapato nchini Kongo uliwekwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 69-009 ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo iliyagawa mapato katika mafungu matatu, kila moja likiwa na kodi yake: mapato ya kupangisha nyumba na viwanja, mapato ya mitaji inayohamishika, yaani gawio la hisa na riba ya mikopo, na mapato ya kazi au biashara. Mgawanyo huu ulifaa katika nyakati ambazo mwenye nyumba alijulikana kuwa mwenye nyumba na mwenye duka kuwa mwenye duka. Ugumu ulianza pale wanasheria na wahasibu walipobuni mikataba ambayo kwa upande mmoja inafanana na mkopo, kwa upande mwingine inafanana na mauzo, na kwa upande wa tatu inafanana na ubia, kwa sababu mkataba wa namna hiyo unaweza kuingizwa katika fungu lolote kati ya hayo, na kila fungu lilikuwa na kiwango chake. Chini ya utaratibu huo, faida ya kampuni ya madini ilitozwa asilimia 30, gawio lililotoka katika kampuni hiyo lilitozwa asilimia 10 ilhali gawio la kampuni za kawaida lilitozwa asilimia 20, na malipo ya huduma yaliyopelekwa kwa mtu asiye mkaazi wa Kongo yalikatwa asilimia 14. Fedha ni zilezile, lakini jina zinalopewa kwenye karatasi ndilo linaloamua kiasi kitakachobaki nchini.

Jambo hili linaeleweka kwa urahisi zaidi likitazamwa kupitia mtumbwi wa uvuvi. Chukulia kwamba watu wanne wamechanga fedha, wakanunua mtumbwi mkubwa, wavu, taa na mashine, kisha wakaunda ushirika na kuuandikisha mtumbwi kwa jina la ushirika huo. Ikiwa ushirika utauuza mtumbwi kwa mtu mwingine, karatasi za mtumbwi zitabadilika, na afisa wa sekta, yaani mamlaka ya mtaa, atajua kwamba kuna mauzo, atauliza bei, na atadai ushuru wa kubadilisha mmiliki. Lakini ikiwa watu wote wanne watauza sehemu zao katika ushirika, mtumbwi utabaki na jina lilelile, utatoka na kurudi na wavuvi walewale, na daftari la sekta halitaonyesha kwamba kuna kitu kilichouzwa, ingawa mwenye mali ni mwingine kabisa. Sasa ongeza hatua moja: wale wanne hawamiliki ushirika moja kwa moja, bali wanamiliki kampuni iliyoandikishwa ng'ambo ya ziwa, na kampuni hiyo ndiyo inayomiliki ushirika. Wakiuza kampuni ya ng'ambo, hata daftari la ushirika lenyewe halitaguswa. Wataalamu wa kodi huuita uhamisho wa namna hii uhamisho usio wa moja kwa moja, na huo ndio mlango ambao mabilioni ya dola yamepitia katika Afrika ya kati na ya mashariki.

Mpangilio wa ngazi kama huo uko hata ndani ya Fizi. Mradi wa dhahabu wa Misisi, wenye hazina inayojulikana kwa jina la Akyanga, katika sekta ya Ngandja, umekuwa chini ya kampuni ya Kikongo iitwayo Leda Mining Congo. Hisa nyingi za Leda zilikuwa mikononi mwa kampuni ya kigeni iitwayo Casa Mining. Na Casa nayo ilikuwa mali ya Arc Minerals, kampuni ambayo hisa zake huuzwa na kununuliwa katika soko la London. Arc Minerals ilipofikia makubaliano ya kuiuza Casa kwa Golden Square Equity Partners, kwa malipo ambayo sehemu yake ni taslimu na sehemu nyingine ni mrabaha utakaotokana na dhahabu ya baadaye, kilichouzwa kisheria kilikuwa hisa za Casa. Umbo hilo lenyewe si kosa, kwa kuwa kampuni nyingi za utafiti wa madini hujengwa kwa ngazi ili kila mwekezaji aweze kuingia na kutoka bila kuvunja zile za chini. Linalohusu kodi ni kwamba bila mwamba wa Misisi, hisa za Casa zisingekuwa na mnunuzi, na kwa hiyo nchi yenye mwamba ina sababu ya kudai kusikilizwa.

Kongo ilijifunza ukubwa wa jambo hili kupitia Tenke Fungurume, mgodi wa shaba na kobalti wa kusini mashariki mwa nchi. Mwaka 2016 kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan iliuza sehemu yake ya mgodi kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Kilichouzwa kilikuwa hisa asilimia 70 za kampuni iliyoandikishwa Bermuda, kampuni ambayo kwa kupitia ngazi nyingine ilimiliki asilimia 80 ya mgodi, hivyo kwa hesabu rahisi ya kuzidisha, Freeport iliachia asilimia 56 ya Tenke bila hata hisa moja ya kampuni ya Kikongo kubadilishwa jina. Gécamines, shirika la serikali lililobaki na asilimia 20, lililalamika kwamba lilipaswa kushirikishwa, likapeleka shauri kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwanzoni mwa 2017 mgogoro ukamalizwa kwa makubaliano ambayo yaliipatia Gécamines dola milioni 100. Ni vyema kutambua kwamba fedha hizo hazikuwa kodi. Zilikuwa malipo ya kumaliza ugomvi kati ya wabia, na fedha za namna hiyo huingia katika hesabu za shirika, wala hazifuati njia ambayo kodi hupaswa kufuata kuelekea hazina, mikoa na sekta.

Nchini Uganda mambo yalikwenda tofauti, na kesi yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inahusu ziwa jirani, Ziwa Albert, ambalo Kongo ina ufuko wake mmoja. Kampuni ya Heritage ilikuwa na nusu ya haki za kutafuta mafuta katika maeneo mawili ya ziwa hilo, na mwaka 2010 ilikubali kuiuza kwa mbia wake, kampuni ya Tullow, kwa dola bilioni 1.35, pamoja na malipo mengine ya dola milioni 100. Kabla mauzo hayajakamilika, Heritage ilihamisha makao yake ya kisheria kutoka Bahamas kwenda Mauritius, nchi yenye mkataba wa kodi na Uganda. Mkataba wa kodi ni mapatano ya nchi mbili kuhusu nani atatoza nini, ili mapato yaleyale yasitozwe mara mbili. Lakini kampuni inaweza kuchagua makao yake kwa kuangalia ni mkataba upi utakaoipunguzia kodi, na ndiyo maana uhamisho huo ulitazamwa Kampala kwa shaka kubwa. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilidai kwanza dola milioni 404.9, yaani takriban asilimia 30 ya bei ya msingi, kisha ikaongeza dola milioni 30 kwa yale malipo ya ziada. Heritage ilijibu kwamba haidaiwi kitu.

Kilichoiokoa Uganda kilikuwa mambo mawili ya kawaida sana, na yanafaa kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni kwamba uhamisho wa haki hizo ulihitaji ridhaa ya serikali, na serikali ilitamka wazi kwamba ridhaa itafuatana na kodi. La pili ni kwamba sheria ya kodi ya mapato ya nchi hiyo inaruhusu mamlaka kumteua mtu yeyote anayeshika fedha za mdaiwa kuwa wakala wa kulipa, kwa hiyo Tullow, ambaye alikuwa bado na shughuli zake ziwani na hakuweza kufunga virago usiku mmoja, aligeuzwa kuwa mlipaji. Heritage ilikuwa imeweka dola milioni 121.5 kama sharti la kupinga madai, na mwaka 2011 Tullow ililipa dola milioni 313 zilizobaki. Baadaye mwaka huohuo baraza la rufani za kodi mjini Kampala lilikubaliana na mamlaka ya mapato. Tullow nayo iliifuata Heritage katika mahakama ya London, na Juni 2013 jaji wa huko aliiamuru Heritage irudishe fedha hizo pamoja na riba. Katika hayo yote hakuna afisa wa kodi wa Uganda aliyehitaji kwenda Bahamas wala Mauritius kumtafuta mdaiwa. Kodi ilishikwa kwa mnunuzi, kwa sababu mnunuzi ndiye aliyebaki na kitu kilichoko ardhini.

Kesi nyingine, ya kampuni za simu, ni ya karibu zaidi na maisha ya kila siku. Watumiaji wa simu wa Baraka wanakumbuka kwamba laini ya Celtel iligeuka kuwa Zain, na mwaka 2010 Zain ikageuka kuwa Airtel, bila namba wala salio kuguswa. Nyuma ya mabadiliko hayo ya rangi na jina kulikuwa na mauzo ya dola bilioni 10.7, ambamo kampuni moja ya Uholanzi iliuza kwa Bharti Airtel kampuni nyingine ya Uholanzi iliyokuwa juu ya kampuni za simu za nchi 15 za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo. Uganda peke yake ilidai takriban dola milioni 85 kwa sehemu yake ya faida. Mahakama Kuu ilisema kwanza kwamba mamlaka ya mapato haina uwezo juu ya muuzaji aliyeko Uholanzi, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iligeuza uamuzi huo na kusema uwezo upo. Mabishano hayo yanaonyesha ni kwa nini nchi nyingi ziliamua kuandika jambo hili kwa maneno ya wazi katika sheria, badala ya kuwaachia majaji kulitafuta katikati ya vifungu vilivyotungwa kwa ajili ya biashara ya zamani.

Kongo ilifanya hivyo kwa upande wa madini katika sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha sheria ya madini ya 2002. Humo imewekwa kodi mahususi ya faida ya kuuza hisa za kampuni yenye vyeti vya madini, faida hiyo ikiwa ni tofauti kati ya bei ya kuuzia na thamani ya hisa katika vitabu vya hesabu. Kwa mfano wa kufikirika, mtu aliyenunua hisa kwa dola milioni 2 akaziuza kwa milioni 12 ana faida ya milioni 10, na milioni 10 hizo ndizo zinazohesabiwa, wala si bei yote. Sheria hiyohiyo iliweka kodi ya faida iliyopindukia, ambayo ni asilimia 50 ya faida inayopatikana pale bei ya madini inapopanda zaidi ya asilimia 25 juu ya bei iliyoandikwa katika upembuzi yakinifu wa mradi, yaani ile taarifa ya awali inayoonyesha kama mgodi utalipa. Ni wazo la haki, ingawa lina udhaifu unaopaswa kusemwa: bei ya kulinganishia huandikwa na mwekezaji mwenyewe kabla ya kuanza, na anayeandika bei ya juu siku ya kwanza anajipunguzia mzigo wa miaka inayofuata. Kwa hiyo ofisi inayopokea upembuzi huo inapaswa kuusoma kwa jicho la mtoza kodi, hata kama siku hiyo hakuna kodi inayodaiwa.

Mkataba unaowasumbua zaidi wanasheria, hata hivyo, unafanana sana na jambo ambalo wachimbaji wa Misisi na Lubichako hulifanya kila wiki. Mwenye shimo, ambaye machimboni huitwa PDG, mara nyingi hana fedha za kulisha wachimbaji, kununua mafuta ya pampu na mbao za kuzuia udongo usiporomoke. Mfanyabiashara wa dhahabu humpa fedha na vyakula mapema, na kwa malipo PDG huahidi kumuuzia yeye peke yake dhahabu itakayotoka, kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Siku ya mavuno mizani ndogo ya mkono huinuliwa, upande mmoja dhahabu na upande mwingine vipande vya sarafu au njiti za kiberiti zinazotumika kama mawe, hesabu hupigwa kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, na deni hukatwa hapohapo. Je, mfanyabiashara yule ni mkopeshaji, na pengo kati ya bei yake na ya soko ni riba? Au ni mnunuzi aliyelipa kabla? Au ni mbia wa shimo, kwa kuwa dhahabu isipotoka naye hapati kitu? Machimboni hakuna anayehitaji jibu, lakini sheria ya kodi inalihitaji, kwa maana riba ina kodi yake, mauzo yana yake, na gawio la mbia lina yake.

Swali hilohilo, kwa mamilioni ya dola, lilijitokeza ng'ambo ya mpaka wa Fizi, katika mgodi wa Namoya mkoani Maniema, uliokuwa wa kampuni ya Kanada iitwayo Banro. Mwaka 2015 Banro, ikiwa na uhaba wa fedha, ilipata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji wa Kimarekani, na kwa malipo iliahidi kuwapa asilimia 8.33 ya dhahabu yote ya Namoya, nao wakiilipia dola 150 tu kwa kila aunsi. Wakati huo aunsi moja ilikuwa ikiuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 1,000. Mkataba wa namna hii unaweza kuitwa mauzo ya mkondo wa dhahabu, kwa sababu anayetoa fedha hununua sehemu ya kile kitakachotiririka kutoka mgodini kwa miaka mingi. Ukitazamwa kama mauzo, bei ya aunsi ni dola 150, na mrabaha, yaani malipo ambayo serikali hudai kwa sababu tu madini yametolewa ardhini, ukihesabiwa kwa bei hiyo utakuwa mdogo mno. Ukitazamwa kama mkopo, dhahabu inayotolewa ni marejesho ya deni, na thamani yake kamili inapaswa kuhesabiwa kwanza kabla ya deni kukatwa. Zile dola milioni 50 nazo zina maswali yake: kama ni mapato ya mauzo, ziingizwe katika mapato ya mwaka zilipopokelewa, au ya miaka ambayo dhahabu inatoka?

Jibu la busara ni lile ambalo sheria ya 2018 ililiendea. Chini ya sheria ya 2002, mrabaha wa serikali ulikuwa asilimia 2.5 kwa madini ya thamani, na ulihesabiwa baada ya kutoa gharama za usafiri, bima, vipimo na uuzaji. Sheria mpya iliupandisha hadi asilimia 3.5, na, jambo lililo kubwa kuliko kiwango, iliamua kwamba msingi wake ni thamani yote ya kibiashara ya madini. Kuhama kutoka bei iliyoandikwa kwenye mkataba kwenda thamani ya kitu chenyewe ni hatua kubwa, kwa sababu kunamwezesha afisa wa kodi kusema kwamba dhahabu ni dhahabu, na thamani yake haipungui kwa sababu mwenye mgodi alikuwa na shida ya fedha miaka mitano iliyopita. Banro yenyewe haikuwa chini ya utaratibu huo wa kawaida, kwani ilifanya kazi kwa mkataba wa 1997 uliotangulia sheria zote mbili na ulioipa msamaha wa kodi wa miaka 10, na mgodi wa Namoya ulisimamishwa mwaka 2019 kutokana na ukosefu wa usalama. Wakazi wa Salamabila, jirani na mgodi huo, walibaki na mashimo.

Njia nyingine ya kuhamisha faida ni bei inayotumika ndani ya ukoo mmoja wa kampuni. Mgodi ukiiuzia kampuni dada iliyoko Uswisi shaba kwa bei ya chini, faida itaonekana Uswisi, na mgodi utaonyesha hasara hata kama wachimbaji wanafanya kazi usiku na mchana. Kanuni inayokubalika duniani ni kwamba bei kati ya ndugu ipimwe kwa bei ambayo mtu baki angelipa. Katika Zambia, nchi inayoshiriki Ziwa Tanganyika na Fizi, mamlaka ya mapato ilitumia kanuni hiyo dhidi ya mgodi wa Mopani kwa mauzo yake ya shaba kwa kampuni ya Glencore, iliyokuwa mmiliki wake mkuu, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha madai ya kwacha milioni 240. Mikopo ya ndani ya ukoo hufanya kazi ileile kwa mlango mwingine: kampuni mama ikileta mtaji wake kama mkopo badala ya hisa, riba hutolewa katika faida kabla ya kodi kuhesabiwa, ilhali gawio hutolewa baada ya kodi kulipwa, na kwa hiyo fedha ileile, ikiitwa riba, hupunguza kodi ya mgodi.

Haya yanaihusu Mboko kwa njia iliyo wazi katika ugawaji wa mrabaha. Sheria ya 2018 inaagiza kwamba asilimia 50 ya mrabaha iende serikali kuu, 25 mkoani, 15 kwenye mamlaka ya mtaa ambamo mgodi upo, na 10 kwenye mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Mamlaka ya mtaa kwa upande wa Fizi ni sekta, kama Ngandja, Lulenge, Mutambala au Tanganyika, kwa hiyo bei ya aunsi inayoandikwa katika mji wa mbali inaweza kuamua kama sekta itapata fedha za kujenga zahanati. Kodi ya faida ya kuuza hisa haina mgao wa namna hiyo. Huenda hazina ya taifa, na kurudi kwake mikoani hutegemea kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006, kinachoipa mikoa haki ya kubaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayopatikana kwao, haki ambayo haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Dhahabu ya wachimbaji wadogo nayo iko nje ya hesabu hizi za migodi mikubwa, na sehemu kubwa yake, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoripoti mara nyingi, huvuka mpaka bila kulipiwa. Serikali ilijaribu kuivuta mwaka 2023 kwa kuipa kampuni ya Primera Gold ya Bukavu kiwango cha ushuru cha asilimia 0.25, kwa hoja kwamba kodi ndogo inayolipwa ni bora kuliko kubwa inayokwepwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini kumpa mnunuzi mmoja nafuu ambayo wenzake hawana ni kuwafukuza wenzake sokoni.

Kuna upande mmoja ambapo sheria hizi humgusa mtu wa kawaida wa Fizi moja kwa moja, nao ni nyumba za kupangisha zinazojengwa kwa fedha za ng'ambo. Familia nyingi zilizokimbilia Tanzania tangu 1996 na kukaa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma zilihamishiwa Marekani, na baadhi yao hutuma fedha nyumbani kununua viwanja na kujenga. Kwa sheria ya Kongo, kodi ya mapato ya pango kwa muda mrefu imekuwa asilimia 22, mpangaji akitakiwa kukata asilimia 20 na kuipeleka kwa mtoza kodi, kisha mwenye nyumba kumalizia zilizobaki. Kwa sheria ya Marekani, raia na mkaazi wa kudumu hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, hata pango linalopokelewa na shangazi yake Baraka kwa niaba yake. Kongo na Marekani hazina mkataba wa kodi, lakini Marekani yenyewe humruhusu mlipaji, kwa masharti fulani, kupunguza kodi yake kwa kiasi alicholipa katika nchi nyingine, mradi awe na stakabadhi. Hapo karatasi ya mtoza kodi wa mkoa, ambayo wengi huitupa, hugeuka kuwa fedha. Anayelipa bila kudai stakabadhi hulipa Kongo, kisha hulipa Marekani kwa pango lilelile. Zaidi ya hayo, akaunti za ng'ambo ambazo jumla yake imepita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka lazima zitajwe kwa serikali ya Marekani, na faini ya kutozitaja inaweza kuzidi kodi yenyewe mara nyingi.

Kwa migodi, stakabadhi za namna hiyo zipo pia, ingawa hutafutwa na wachache. Amri ya serikali ya Mei 2011 inaagiza mikataba ya maliasili itangazwe ndani ya siku 60; taarifa za mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, unaojulikana Kongo kwa kifupi ITIE, huorodhesha malipo ya kampuni; na ramani ya ofisi ya usajili wa vyeti vya madini, CAMI, huonyesha kila mraba wa ardhi ya Fizi uko chini ya cheti cha nani. Jina linalosomeka kwenye ramani hiyo ni la kampuni ya ngazi ya chini kabisa, ile ya Kikongo. Kazi ya baraza la sekta linalosubiri asilimia 15 yake ni kuandika jina hilo, kisha kuuliza kwa barua nani yuko juu yake, na nani yuko juu ya huyo.